Kolesteroli husafirije ndani ya seli?

Mdogo wangu, umeuliza: ikiwa kolesteroli haiyeyuki majini, na seli imejaa maji, inafikaje kwenye utando wa nje? Na je, yote hubebwa na vifuko, yaani vijipuli vya utando vinavyosafiri ndani ya seli? Hapana, si yote. Vifuko vipo, lakini sehemu kubwa hubebwa na protini zenye uwazi wa ndani unaopenda mafuta. Kolesteroli hujificha humo, maji yasiiguse.

Anza na mojawapo ya protini hizo, OSBP. Usirukie orodha nzima ya majina, yatakuchosha bure. Protini hii hushika retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa utando ambamo kolesteroli hutengenezwa) upande mmoja na Golji (kituo cha seli cha kupanga na kusambaza bidhaa) upande wa pili, pale zinapokaribiana. Hupeleka kolesteroli Golji, kisha hurudi na lipidi (aina ya mafuta) nyingine iitwayo PI4P. Kwenye retikulamu, kimeng'enya Sac1 huivunja PI4P, kwa hiyo hairundikani. Hapo ndipo penye utamu: kolesteroli inatoka kwenye uchache kwenda kwenye wingi, na gharama imelipwa na ATP, molekuli ya nishati ya seli, iliyotumika kutengeneza PI4P. Ukiulizwa kwenye mtihani nishati inatoka wapi, jibu ni hilo.

Ukishaielewa, soma protini NPC1 na NPC2, zinazoitoa kolesteroli kwenye lisosomu, kifuko cha seli cha kumeng'enyea. Jeni ya mojawapo ikiharibika, kolesteroli hukwama humo. Ndio ugonjwa wa Niemann-Pick aina C, ambao kesi zake nyingi hutokana na NPC1. Protini StAR, inayoiingiza kolesteroli kwenye mitokondria (vituo vya nishati vya seli) ili itengeneze homoni, iache mpaka ufike kwenye tezi za adrenali.