Play mpya inakuja, ya zamani tuifanye nini?

*Jambo Yaya. Mjomba wangu wa Brussels anakuja mwezi ujao, na ameniahidi PlayStation 5. Hapa nyumbani nina Play 2 niliyoachiwa na kaka yangu mkubwa alipohamia Kisangani, pamoja na sidii karibu arobaini, nyingi za mpira. Jirani anataka kunipa dola 20 achukue vyote. Je, sidii zangu zitasoma kwenye mashine mpya? Kama hazisomi, nibaki na hii ya zamani kwa faida gani?*
*Msomaji wa Katindo, Goma*

Mdogo wangu, mwambie jirani asubiri.

Katika sidii zako arobaini, hata moja haitasoma. PlayStation 5, iliyotoka Novemba 2020, kwa upande wa michezo inasoma sidii zake yenyewe na za PlayStation 4, basi. Za Play 1, Play 2 na Play 3 inazikataa. Tena mpigie mjomba kabla hajapanda ndege umuulize amenunua ya aina gani, kwa sababu kuna PlayStation 5 isiyo na mdomo wa sidii kabisa. Kwenye hiyo kila mchezo unaushusha kwa intaneti, na michezo mikubwa ya siku hizi inakula giga hamsini, mingine inafika mia. Wewe unajua bei ya vifurushi hapa Goma, na unajua umeme wetu.

Watu watakuambia usiwe na wasiwasi, michezo ya zamani imerudi ikiwa imetengenezwa upya. Mingine imerudi kweli, lakini uangalie imerudi vipi. Resident Evil 4 ya mwaka 2005 ilikulazimisha usimame ndipo ulenge, na hofu yote ilikuwa hapo: maadui wanakuja, na miguu yako imefungwa. Katika ile ya 2023 unalenga huku unatembea. Ni mchezo mzuri, nimeucheza hadi mwisho, ila ni mchezo mwingine. Final Fantasy VII ya 1997 ilikuwa hadithi nzima katika sidii tatu. Ile iliyotengenezwa upya mwaka 2020 inasimulia kipande cha mwanzo tu, cha jiji la Midgar, kisha unatakiwa ununue kinachofuata. GTA San Andreas ya 2004 iliporudi mwaka 2021, baadhi ya nyimbo za redioni zilikuwa zimeondolewa, kwa kuwa ruhusa ya kuzitumia ilikuwa imekwisha.

Michezo ya mpira ndiyo hairudi. Majina ya wachezaji, jezi na nembo za timu hukodiwa kwa miaka kadhaa, na muda ukiisha mchezo hauruhusiwi kuuzwa tena. Konami, wale wa Winning Eleven yetu, walibadili hata jina la mchezo huo wa mpira mwaka 2021 wakauita eFootball. Wachezaji uliokuwa ukiwapanga na kaka yako, na kasi yao na udhaifu wao wa wakati ule, huwapati katika duka la PlayStation 5. Wako ndani ya sidii zako, na sidii hizo zinaijua Play 2, pamoja na Play 3 chache za mwanzo tu. Play 2 ziliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, lakini tangu mwanzo wa 2013 hazitengenezwi tena. Kila moja inayokufa haina mrithi.

Hukuniuliza kuhusu kadi, na mimi ninaijali kuliko hiyo mashine. Kabla ya kuuza chochote, toa kadi ya kumbukumbu iliyo juu ya pale unapochomeka maneti, yaani vidude vya mkononi vya kuchezea. Sidii ukiipoteza unaweza kupata nyingine kwa mtu. Kilichoandikwa kwenye kadi hakuna anayeweza kukuuzia.

Mwaka 2001 nilikuwa na chumba cha michezo mtaa wa Birere, hapa Goma: Play 1 mbili, televisheni mbili, benchi tatu. Kadi ya Play 1 ina vyumba 15 tu vya kuhifadhia, na mchezo kama Final Fantasy VII unajaza kimoja kila unapohifadhi. Kwa hiyo vyumba hivyo vya kadi nilikuwa navikodisha. Kila mtoto aliandikwa kwenye daftari langu, kadi gani, chumba namba ngapi, na mwingine akimfutia mwenzake tulikuwa na kesi ya wiki nzima. Alhamisi tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliposhuka mjini, nilimfunga binti yangu mgongoni. Mashine zilikuwa nzito. Nilichomoa kadi mbili, za kijivu, kila moja ukubwa wa kiberiti, nikazifunga katika ncha ya kitenge, tukavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na umati wote.

Tuliporudi, chumba changu cha michezo kilikuwa chini ya jiwe jeusi. Daftari lilikwenda pia. Miezi kadhaa baadaye nilinunua Play moja iliyotumika, nikachomeka kadi ya kwanza. Picha ndogo zikatokea kwenye kioo, moja baada ya nyingine, zinachezacheza. Watoto walirudi wakiwa wanaishi kwa shangazi, kwa mashemeji, wengine kwenye mahema. Hakuna aliyehitaji daftari, kila mmoja alinyoosha kidole kwenye chumba chake. Kadi hizo ninazo hadi leo na zinasoma. Kwenye Play 2 zinaingia vilevile, na unaweza kunakili yaliyomo kwenye kadi ya Play 2 yawe akiba. Ila mchezo wa Play 1 wenyewe utataka kusoma kutoka kadi ya Play 1.

Kuhusu mashine yako: kama inasoma kwa kusitasita, karibu daima ni lenzi. Vumbi letu la volkano linakwaruza kama msasa, kwa hiyo usipanguse likiwa kavu. Puliza kwanza, kisha pamba yenye tone la alkoholi, gusa taratibu, acha ikauke. Na ukimaliza kucheza ifunike kwa kitambaa.

*Yaya, nimefufua mashine ya kaseti yenye bunduki ya kupiga bata. Kwenye televisheni yangu mpya ya bapa kila kitu kinacheza ila bunduki haipati hata ndege mmoja. Imekufa?*
*Msomaji wa Himbi*

Haijakufa. Bunduki hiyo haitoi kitu, inaangalia. Ukivuta kidole, kioo kinakuwa cheusi kwa nukta ya muda, kisha mraba mweupe unatokea pale ndege alipo. Jicho la bunduki likiuona mweupe huo wakati uleule linaotarajia, umempiga. Televisheni ya kichogo inachora papo hapo. Ya bapa inaichelewesha picha kidogo, na bunduki inakuta giza. Ulizia kwa majirani, Himbi nzima haiwezi kukosa televisheni ya kichogo iliyogeuzwa meza ya maua.