Mrema na urais: zile kura milioni na laki nane zilienda wapi?

Jarida limeuliza wiki hii kwa nini kigogo aliyependwa sana akiwa serikalini akitoka nje kugombea urais anaanguka, na akirudia anaanguka vibaya zaidi. Naona wengi watakimbilia kwa Lowassa, yule waziri mkuu wa zamani, maana ndo wa juzijuzi, ila mimi nataka tumuongelee Augustine Lyatonga Mrema, kwa sababu Lowassa aligombea mara moja tu na hatujui angerudia ingekuwaje, Mrema kagombea 1995, 2000 na 2005 na matokeo yote yapo. Mara ya kwanza asilimia 27.8, ya pili 7.8, ya tatu 0.75. Yaani kura zaidi ya milioni moja na laki nane zikawa laki sita na ushee, halafu zikawa elfu themanini na nne na kitu, na hapo wapiga kura wa nchi nzima walikuwa wanaongezeka siyo kupungua.

Kwa mtazamo wangu watu walimpenda Mrema mwenye amri. Amri ilipomtoka alihitaji chama kimsimamie mahali pake, chama akakipata, tena kizuri, halafu kikamvunjikia mkononi. Mengine yote yanayosemwa yana ukweli ndani yake ila kwangu yanakuja baada ya hilo.

Kwa vijana ambao mnamjua kwa zile klipu za uzeeni tu, huyu mzee miaka ile ya mwanzoni mwa tisini alikuwa moto. Mwinyi alimpa Mambo ya Ndani 1990, na ile wizara ambayo kabla yake ilikuwa ya watu wa kimyakimya yeye akaigeuza ofisi ya kila mtu. Siku saba! Mtu kakudhulumu, Mrema anatoa siku saba. Wananchi wanahamasishwa wajenge vituo vidogo vya polisi mitaani kwao na vinajengwa kweli, sungusungu wanapata nguvu, mama ananyanyaswa na mumewe anapanga foleni wizarani na waziri anamsikiliza, mume anaitwa. Wasomi walikuwa wanacheka wanasema waziri gani anasuluhisha ndoa za watu, lakini yule mama aliyerudi nyumbani na haki yake hakucheka. 1993 akaongezewa cheo cha Naibu Waziri Mkuu ambacho hata kwenye katiba hakimo (Biteko alipopewa cheo hicho 2023 ndo watu wengi wakakumbuka kwamba kumbe kiliwahi kuwepo), na mtaani ikawa inasemwa wazi huyu ndo rais ajaye.

Sasa angalia vizuri kile kitu kilichokuwa kinapendwa. Siku saba inafanya kazi kwa sababu siku ya nane polisi wanakuja. Mtu wa kawaida akikupa siku saba unamwambia akalale. Kwa hiyo umaarufu wa Mrema ulikuwa ni wa mtu pamoja na kiti, na ilikuwa ngumu kujua mtu ni kiasi gani na kiti ni kiasi gani mpaka vitenganishwe. Vikatenganishwa haraka, mwishoni mwa 1994 akahamishwa wizara akapelekwa Kazi na Vijana, ikaja ile zogo la bungeni la suala la mfanyabiashara Chavda na mikopo ya mashamba ya mkonge ambapo yeye alisema tofauti na serikali aliyomo, na mapema 1995 akawa nje ya baraza, kisha akawa nje ya CCM kabisa.

Hapa kuna jambo la katiba ambalo watu wanalipita. Tanzania huwezi kugombea urais bila kupendekezwa na chama. Mahakama Kuu ilishasema 1994 kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila kwamba mgombea binafsi aruhusiwe, bunge likabadili katiba fasta kulizima hilo, na likazimwa mpaka leo japokuwa Mahakama ya Afrika pale Arusha nayo ilisema 2013 kwamba tunakosea. Maana yake nini, maana yake kigogo akitoka CCM hata awe na watu milioni tano nyuma yake lazima aende kubisha hodi kwenye nyumba ya wenzake. Na ndani ya nyumba hiyo kuna watu waliopigwa virungu wakiijenga, wana historia yao, wana katiba yao na wana ndoto zao, ghafla anaingia mgeni na kesho yake yeye ndo mgombea urais. NCCR-Mageuzi ilimpa Mrema na uenyekiti juu, Mabere Marando aliyekuwa mwenyekiti akashuka kuwa katibu mkuu. Kwa 1995 ilionekana ni uungwana mkubwa na kwa kweli ulikuwa uungwana. Ila mbegu ya ugomvi ilishaingia ardhini siku hiyohiyo.

Kampeni ya 1995 sina haja ya kuielezea sana, vijana walikuwa wanasukuma gari lake kwa mikono, mafuta ya nini. CCM waliogopa mpaka Mwalimu Nyerere mwenyewe aliyekuwa amestaafu akaingia barabarani kumnadi mgombea wao Mkapa mkoa kwa mkoa. Na uchaguzi wenyewe ulikuwa vurugu, Dar es Salaam tarehe 29 Oktoba vituo vingine havikuwa na karatasi na vingine vilichelewa kufunguliwa, matokeo ya majimbo yote saba ya jiji yakafutwa, ukarudiwa 19 Novemba na upinzani ukasusa. Mwisho Mkapa asilimia 61.8, Mrema 27.8, Lipumba wa CUF 6.4, Cheyo wa UDP karibu 4. Na ukumbuke matokeo ya urais yakishatangazwa na Tume hakuna mahakama ya kuyahoji, ndivyo katiba inavyosema.

Kwa hiyo wanaosema Mrema alihujumiwa, mimi siwabishii kuhusu 1995. Mchezo haukuwa sawa, redio ya taifa moja, dola moja, na Mwalimu juu yake. Wabishi nawauliza kitu kingine, 2000 ilikuwaje? Kwa sababu hata ukimwongezea yale yote unayodhani aliibiwa, mtu aliyekuwa wa pili kwa mbali kabisa mbele ya Lipumba, miaka mitano tu baadaye Lipumba kampita mara mbili, asilimia 16.3 kwa 7.8. CCM haikuwa na sababu ya kumuibia Mrema ili impe Lipumba jamani. Zile kura zilihama zenyewe kwa miguu yao.

Na zilihama kati ya 1997 na 1999, siyo siku ya uchaguzi. Huu ndo muda ambao mimi nadhani ungechunguzwa kuliko kampeni zote tatu. Baada ya kushindwa urais hakuwa hata mbunge, maana hapa kwetu ukigombea urais ukakosa unarudi nyumbani mikono mitupu, lakini 1996 Temeke ikawa wazi akagombea uchaguzi mdogo akaishinda CCM katikati ya Dar es Salaam, hapo watu bado wanampenda na kiti cha uwaziri hana tena. Kwa hiyo hata nilichosema juu kuhusu kiti na mtu siyo kwamba mtu alikuwa sifuri, alikuwa na mtaji wa kutosha kabisa. Mtaji ule ukaliwa na ugomvi. Yeye na Marando wakawa kambi mbili, vikao vinaishia kwenye kurushiana viti na kesi mahakamani, wanachama walioingia kwa ajili ya mageuzi wakawa wanasoma magazeti asubuhi kujua leo nani kamfukuza nani. Mrema alizoea wizara, wizarani waziri akisema imekwisha. Chama cha siasa hakiendi hivyo, kuna kamati kuu, kuna halmashauri kuu, kuna mjumbe wa mkoani ambaye hana hata nauli ila ana kura moja sawa na yako na lazima umbembeleze. Mwenzetu kubembeleza hakukuwa fani yake.

1999 akaenda TLP, chama ambacho kabla ya hapo wengi hata herufi zake hawakuzijua. Wapo waliomfuata, ila wale wa 1995 waliogawanyika ndo wengi zaidi, wengine wakaenda CUF, wengine CHADEMA, wengine wakakaa nyumbani tu na wengine wakarudi CCM wakisema bora nusu shari. Na 2000 CHADEMA wenyewe walimuunga mkono Lipumba, Mrema akawa peke yake na TLP yake. 2005 ndo kabisa, Kikwete 80.3, Lipumba 11.7, Mbowe wa CHADEMA ambaye ndo kwanza anaanza akapata 5.9, na Mrema chini ya asilimia moja. Ile 2005 mimi sijawahi kuelewa alikuwa anatafuta nini, kwa kweli. Labda ni kukitangaza chama, labda ni mazoea.

Ukitaka kuona nasema nini mweke pembeni yake Maalim Seif. Naye alikuwa kigogo, Waziri Kiongozi wa Zanzibar tangu 1984 mpaka alipotolewa 1988, akafungwa, akatoka, akaanza kugombea urais wa Zanzibar 1995 na hakuupata mpaka anakufa 2021. Mara sita! Lakini kura zake hazikuyeyuka. 1995 alitangaziwa asilimia 49.8 dhidi ya 50.2 za Salmin Amour wa CCM, 2010 miaka 15 baadaye bado yuko 49 kwa 50 na Shein. Nini tofauti? Seif hakuingia nyumba ya watu, alikuwa mmoja wa walioijenga CUF kuanzia msingi, tawi kwa tawi, na ugomvi na Lipumba ulipofika mahakamani na akashindwa 2019 alisema shusha tanga pandisha tanga, na watu wakahama naye kwenda ACT-Wazalendo, ofisi za matawi zikapakwa rangi mpya ndani ya siku chache. Mrema alipohama alihama na jina lake.

Lowassa ndo sijui nimweke wapi. Alijiuzulu uwaziri mkuu 2008 kwa kashfa ya umeme ya Richmond, 2015 jina lake likakatwa kwenye mchujo wa CCM Dodoma, akaingia CHADEMA na UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani, na akavuna karibu asilimia 40, kura zaidi ya milioni sita, hakuna mpinzani wa urais wa Muungano aliyewahi kutangaziwa nyingi hivyo. Wengine wanasema hii inavunja hoja yangu, kwamba kumbe mgeni anaweza. Anaweza, ila angalia aliingia wapi, aliingia kwenye chama ambacho Dk. Slaa 2010 alishakipatia asilimia 26 na ushee, kina matawi, kina mawakala, kina vijana wa kulinda kura. Na Dk. Slaa mwenyewe akaondoka kwa hasira mgeni alipoingia, ugomvi uleule wa wenyeji na mgeni. Machi 2019 Lowassa akarudi CCM. Na Membe 2020, waziri wa mambo ya nje miaka mingi, kaingia ACT dakika za mwisho na viongozi wenzake wa chama wakaanza kumpigia kampeni Lissu wa CHADEMA hadharani, akapata nusu asilimia. Uwaziri wa nje hauna siku saba, hakuna mama wa Temeke anayekukumbuka kwa kusimama Umoja wa Mataifa New York.

Kuna swali dogo mmeweka chini yake, je Mrema angebaki CCM angekuja kuwa rais. Mimi nasema hapana, na wala siyo kwa sababu ya Ukilimanjaro wake kama wengine wanavyopenda kusema. 1995 CCM walifika tatu bora ya Mkapa, Kikwete na Msuya, na Msuya si ni wa hukohuko Kilimanjaro? Mrema wasingempitisha hata kwenye mchujo wa kwanza, wakubwa walishamchoka, alikuwa anawaumbua. Kikwete aliongoza raundi ya kwanza akapigwa ya pili, akatulia, akakaa Mambo ya Nje miaka kumi akimeza mate, 2005 akapewa. Mtu wa siku saba unamwambia asubiri miaka kumi?

Ila jambo moja linanifanya nisimcheke. Alipoacha kugombea urais akarudi kwao Vunjo 2010 akagombea ubunge kwa tiketi ya TLP ileile iliyopata sifuri nukta kitu, na akashinda. Watu wa kule walikuwa wanamjua Mzee wa Kiraracha bila kuhitaji chama. 2015 akashindwa na James Mbatia wa NCCR-Mageuzi, sijui kama Mbatia alicheka moyoni. Magufuli akamteua mwenyekiti wa Bodi ya Parole, ile ya kuwaachia wafungwa kwa masharti, mwaka uliofuata na nadhani ile kazi ilimfaa sana, alikuwa anaingia magerezani anaongea na wafungwa kama zamani. Halafu 2020 TLP ikatangaza urais inamuunga mkono Magufuli wa CCM, huku mwenyekiti wake akigombea ubunge Vunjo dhidi ya Kimei wa CCM hiyohiyo. Yaani anawaambia wananchi juu mpeni Magufuli, chini nipeni mimi. Wakamsikia nusu, urais wakampa Magufuli na ubunge wakampa Kimei.