Dosie yangu imelala kwa juji miezi 14

SWALI: Mzee, jambo sana. Mimi ni mjane, ninauza makala (makaa) hapa Katuba. Shemeji aliuza parseli (kiwanja) ya marehemu bila sisi kujua. Tulifika tribunali, kesi ikasikilizwa, juji akaiweka delibere, yaani akaenda kufikiri hukumu. Sasa ni miezi 14. Kila nikienda, grefye (karani wa tribunali) ananiambia: "Rudi Juma Tatu, na ulete pesa ya karatasi." Naweza kumshitaki juji mwenyewe? Ao niandike Kinshasa?
Mama wa mapacha, Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mama wa mapacha, hiyo pesa ya karatasi naijua. Nilikuwa grefye miaka 27, na sitajitakasa: kuku za watu nilikula. Dosie za delibere tulizifunga kwa kamba, tukazisukuma kwenye kabati nyuma ya mlango. Katika rejista kila kesi ina nafasi ya tarehe ya hukumu. Kuna nafasi nilizoziacha nyeupe siku niliyostaafu.

Usitoe hata franga moja bila risiti.

Juji akihukumu vibaya, dawa ni rufaa: siku 30 kwa kesi ya madai, tangu uletewe hukumu rasmi. Lakini wewe huna hukumu ya kukatia rufaa. Wako ni juji anayekataa kuhukumu, na hilo ni kosa lenye jina, avoka (mawakili) wanaliita deni de jistisi. Mwandikie prezida wa tribunali, kopi kwa prezida wa kwanza wa Kuur Dapel, korti ya rufaa. Kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, mlipe wisie (mpeleka barua wa korti) ampelekee juji onyo la maandishi mara mbili, katikati zipite siku 8 ao zaidi. Hapo unaweza kumshitaki yeye mwenyewe, kwa sheria ya 19 Februari 2013. Ila ni Kasasyo, korti ya juu kule Kinshasa, na lazima avoka wa korti ile. Magunia mangapi ya makala hayo, mama?

Njia nyepesi ni nidhamu. Baraza Kuu la majuji lina chumba cha nidhamu hata huku mkoani. Linaweza kumkaripia juji, kumkata theluthi ya mshahara wa mwezi, hata kumfukuza. Shida ni kwamba ndani wamekaa majuji na waendesha mashtaka peke yao. Kesi ya ngedere umempelekea nyani. Novemba 2024 wakubwa wa sheria walikutana Kinshasa kutafuta dawa ya haki iliyougua. Waziri wa sheria aliyeuandaa mkutano ule, Constant Mutamba, Septemba 2025 akahukumiwa miaka 3 ya kazi ngumu kwa kufuja pesa za kujenga gereza la Kisangani. Mimi ningeingiza raia wa kawaida katika vyumba vile, wauza makala wakiwemo.

Hata hivyo, andika. Nimeona dosie ikishuka kabatini kesho yake baada ya barua yenye muhuri kufika, maana juji anaogopa karatasi itakayomfuata siku ya kupandishwa cheo. Na juu kabisa weka namba ya RC, ile namba ya kesi yako ya madai katika rejista. Barua zisizo na namba hiyo, sisi tulifungia karanga.