Re: Pankeki za ndizi na oti zinabaki mbichi ndani
Habari mkuu. Nimekuelewa, umetoa sukari na ngano ukaweka ndizi na oti, sasa nje zinaungua na ndani bado uji. Cha kwanza angalia moto, ndizi mbivu ina sukari yake so inawahi kuungua, punguza moto kabisa halafu funika. Pia oti inanyonya maji polepole, mimi nikishasaga kwenye blenda nauacha mchanganyiko dakika 10 mpaka uwe mzito ndo naanza kupika. Kipimo changu ni ndizi 1, mayai 2, oti nusu kikombe na mdalasini kidogo, maziwa siweki. Na uchote ndogondogo jamani, zile kubwa zinakatika ukigeuza, zimenitesa sana hizo!