Msambu wangu unachanua lakini hauzai

SWALI: Bwana miti, salamu. Niko Amani, Muheza. Nina misambu mitatu, ile miti ya msituni yenye mbegu za mafuta, katika shamba la iliki alilotuachia marehemu baba. Miwili huangusha matunda kila mwaka. Wa tatu ndio mnene kuliko yote na unachanua sana, ila sijawahi kuokota hata tunda moja chini yake. Fundi mmoja anataka elfu thelathini aumenye gome na kuupigilia misumari ili uzae. Nimlipe?

JIBU: Usimlipe, na asikanyage shambani kwako. Mti wako si mgonjwa wala si mgumba. Ni dume.

Msambu ni kama mpapai: jike mbali, dume mbali. Ukichanua tena, chunguza maua. La jike lina kitunda kichanga kilichotuna katikati. La dume lina mafungu matano ya nyuzi zenye chavua, basi. Hakuna msumari utakaobadilisha hilo. Na gome ndiyo njia ya chakula kutoka majanini kwenda mizizini. Likimenywa kuzunguka shina, mizizi inakufa njaa na mti unafuata. Nimeiona misambu mizee iliyokauka namna hiyo, na kila mara naambiwa "ulikuwa hauzai huo".

Neno hilo ndilo linalonichosha. Watu wanakata "migumba" wapate mbao, kisha wanashangaa majike yakipunguza matunda. Chavua itoke wapi? Yale majike yako mawili huenda yanazaa kwa sababu ya huyo unayetaka kumtibu.

Wako pia wanaouza miche ya mbegu wakiapa kuwa ni majike. Mche wa msambu hautambuliki jinsia mpaka uchanue, na hiyo ni miaka kumi hivi au zaidi. Mbegu yenyewe yaweza kukaa mwaka mzima ardhini bila kuota. Ukitaka jike la uhakika, nunua mche uliobebeshwa, yaani ulioungwa, kikonyo (kijiti) cha mti ambao matunda yake umeyaona kwa macho.

Msambu hauoti porini popote nje ya milima yetu ya Tanzania: Usambara, Nguru, Uluguru, Udzungwa na jirani zake. Msitu wake umeliwa na chai, iliki na mbao. Kwa hiyo hata unapookota mbegu za mafuta, usizimalize. Panya buku huzibeba na kuzifukia, nyingine huzisahau, na miche mingi ya msituni huanzia hapo.