Askari na rushwa: majibu kwa wasomaji wa Arusha na Moshi

*Naendesha Hiace, Moshi–Arusha. Njia nzima ni kusimamishwa, na konda anatoa kitu. Hivi shida ni mshahara mdogo? (Dereva, Moshi)*

Mshahara umo. Tume ya Jaji Warioba iliyochunguza rushwa nchini, mwaka 1996 ilishawatenganisha wanaopokea kwa sababu kipato hakitoshi na wanaopokea kwa tamaa. Lakini mwalimu naye mshahara haumtoshi, ila hana nafasi aliyo nayo trafiki pale Usa River. Kosa lipo kweli: umezidisha abiria au tairi limekwisha. Faini ni kubwa. Wewe una hesabu ya bosi, na abiria wanapiga kelele wanachelewa. Leseni inakwenda na buku tano iliyokunjwa ndani, inarudi tupu. Hakuna karatasi wala shahidi, na wote wawili mmepata nafuu. Mtu akiwekwa hapo kila asubuhi bila wa kumkagua, hata aliyeingia kazini na nia safi atalegea. Kaka, gari liwe zima, usizidishe, na ukikamatwa dai uandikiwe faini yenye namba ya malipo. Itakuuma, najua.

*Kijana wangu yuko mahabusu, naambiwa dhamana ni laki moja. (Mama, Ngarenaro)*

Pole sana, mama. Dhamana ya polisi ni bure. Kiasi kinachoandikwa kwenye fomu ni ahadi tu, kinadaiwa kijana asiporudi. Nenda na mdhamini umwone mkuu wa kituo; akikuzungusha, panda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya.

*Niliibiwa pikipiki. Mpelelezi anataka nitoe mafuta ya gari ndipo wakamkamate mtuhumiwa. Hiyo nayo ni rushwa? (Bodaboda, Majengo, Moshi)*

Swali hili linaniumiza, kwa sababu mara nyingine gari la kituo kweli halina mafuta. Nimemwona mlalamikaji akitumwa dukani kununua karatasi za kuandikia maelezo yake mwenyewe! Askari akizoea kuomba vifaa vya kazi kwa mwananchi, amezoea kuomba. Kesho hakuna anayejua kama hela iliingia kwenye tangi au mfukoni, na jalada la asiye na kitu linalala kabatini. Kwangu mimi lawama ya kwanza hapa ni ya serikali, kabla ya yule mpelelezi. Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake Julai 2023 ikitaka Jeshi la Polisi lifumuliwe na kusukwa upya. Kituo chenye bajeti yake ya mafuta ni sehemu ya kusukwa huko. Kwa sasa usitoe hela mkononi. Mwone mkuu wa upelelezi wa wilaya na namba yako ya RB, ile uliyopewa kituoni uliporipoti wizi.

*Nikitoa, mwenye kosa si askari peke yake? (Mfanyabiashara, Kilombero)*

Ni ninyi wawili. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 15, inambana anayetoa na anayepokea. Ukiombwa, piga 113 TAKUKURU kabla hujatoa, waweke mtego.

*Mume wangu ni askari, hapokei. Wenzake wanamtenga. Nimsaidieje? (Mke wa askari, Arusha)*

Dada, mpe heshima yake kwanza, tena mbele ya watoto. Akiwa kazini aandike kila tukio siku hiyo hiyo, maana anayekataa mgao hutafutiwa kosa. Na nyumbani usimpime kwa jirani wa kota aliyejenga Njiro. Wapo waliokataa rushwa barabarani miaka mingi, wakashindwa na maneno ya sebuleni.