Kabla Hujafunga Mzigo wa Kwenda Libreville

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Arusha aliniandikia: “Kaka, nasikia Gabon kuna mafuta na watu ni wachache, si ndiko pesa iliko?” Nilicheka peke yangu, kwa sababu hayo ndiyo maneno niliyomwambia mke wangu mwaka 2018, siku nilipochukua akiba yetu ya miaka minne nikaenda Kariakoo kununua vitenge.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi mno. Nchi ile ina kilomita za mraba karibu 268,000, yaani zaidi kidogo ya robo ya Tanzania, na wakazi wake ni milioni mbili na ushee tu, na karibu asilimia 88 ya ardhi yake ni msitu. Wanauza mafuta, wanauza madini ya manganizi kutoka mji wa Moanda, wanauza mbao za mti uitwao okoume. Niligawanya pato la taifa kwa idadi ya watu, nikaona kila mtu wa Libreville, mji mkuu wao, anao uwezo wa kununua vitenge vitatu kwa mwezi. Sikujua kwamba takriban theluthi moja ya wananchi wale ni maskini. Tangu mwaka 1967 nchi ilikuwa mikononi mwa Omar Bongo, kisha mwanawe Ali, hadi wanajeshi walipomwondoa tarehe 30 Agosti 2023, na pato la mafuta lilikuwa likiishia kwa wakubwa bila kupita sokoni.

Pigo la kwanza lilinipata siku niliyofika. Rafiki yangu anayefanya biashara Abidjan, Ivory Coast, alikuwa ameniuzia faranga za CFA, nami nikajiona mjanja kwa kukwepa maduka ya kubadilishia fedha. Nilipotoa noti kumlipa dereva wa teksi, alizigeuza, akazirudisha. Kumbe zipo faranga za CFA za aina mbili: moja ya Afrika Magharibi, nyingine ya nchi sita za Afrika ya Kati, Gabon ikiwamo. Thamani yake ni ile ile, kwani zote zimefungwa kwenye euro, faranga 655.957 kwa euro moja, lakini ya huku haipokelewi kule. Niliishia kuzibadilisha karibu zote kwa mtu wa pembeni, kwa hasara ambayo hadi leo sijaitaja nyumbani.

Kesho yake nilikwenda Mont-Bouët, soko kubwa la Libreville, nikiwa na sampuli begani na Kifaransa cha salamu tu. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba Kiswahili kitanisaidia, maana kinasemwa Kongo, na Kongo ni jirani. Lakini Kongo inayopakana na Gabon ni ile ya Brazzaville, na Kiswahili chetu kiko upande wa mashariki wa ile nyingine, mbali sana na pale. Wenye maduka ya vitambaa wengi niliowakuta walitoka Afrika Magharibi, wana wauzaji wao wa miaka mingi, na kitambaa walikijua kuliko mimi. Mmoja alishika kitenge changu, akakisugua kwa vidole, akatabasamu kwa huruma. Tabasamu lile liliniuma kuliko hasara.

Mwenyeji wangu, ambaye simtaji kwa heshima ya familia yake, alinishauri tupeleke mzigo Port-Gentil, mji wa mafuta, nami nikamwuliza basi linaondoka saa ngapi. Wakati ule hapakuwa na barabara ya kuunganisha miji hiyo miwili. Ilikuwa ni ndege au boti. Reli ipo, lakini inatoka bandari ya Owendo kwenda Franceville, ilikamilika mwaka 1986, na shehena yake kubwa ni manganizi na magogo. Nilimkabidhi mwenyeji mzigo na nauli ya boti. Mzigo ulifika, pesa hazikurudi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usipende nchi kwa sababu ya takwimu moja. Jifunze Kifaransa kwanza, si cha salamu, cha kubishana bei. Uliza nani tayari anauza unachotaka kuuza, na anakipata wapi. Soma sheria pia: Agosti 2025 serikali ya Brice Oligui Nguema, aliyechaguliwa rais Aprili mwaka huo, ilitangaza kuwazuia wageni kufanya baadhi ya biashara ndogondogo, na wewe ukifika utakuwa mgeni. Mtu asikudanganye kwamba ujasiri unatosha. Ujasiri nilikuwa nao gunia zima.

Ukiniuliza kilichokuwa kinauzika, nitakwambia ni chakula. Nchi yenye mvua na ardhi kiasi kile hununua nje sehemu kubwa ya chakula chake, na malori ya ndizi na mboga huingia kutoka Kamerun kupitia Bitam, mji wa kaskazini karibu na mpaka. Sisi hatuko karibu na Bitam, na nyanya haivumilii safari ya kutoka Arusha.

Noti mbili za faranga elfu kumi, zile za Afrika Magharibi, bado ziko kwenye droo yangu. Ukibadili nia ukaamua kwenda Abidjan, pitia nikuuzie.